Kabla ya fimbo, mchungulieni kinywani

Mwalimu wa darasa humjua mtoto akiwa macho. Sisi matroni tunamjua akiwa amelala, na tunayoyajua hayaandikwi kwenye ripoti ya muhula. Najua nani huota kwa sauti, nani hulala kifudifudi, nani hutupa kichwa nyuma na kunyoosha shingo akitafuta hewa. Najua foronya zinazolowa udenda na vitanda vinavyotandikwa mpira chini ya shuka. Kabla ya kuja bwenini nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na pengine ndiyo sababu sijawahi kuamini kwamba mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kuwa mvivu usiku na mchana. Mtoto akilala mdomo wazi usiku kucha, akikoroma, na asubuhi shuka likawa limelowa, simpeleki kwa mwalimu wa nidhamu. Namwambia afungue kinywa, namulika tochi, naangalia juu.

Ninachotafuta ni kaakaa. Kwa watoto wengi ni pana, limebonyea kidogo tu, na ulimi unalienea lote. Kwa baadhi yao ni jembamba na limechimbika kwenda juu, magego ya pande mbili yamekaribiana, na mtoto akiuma, meno ya juu ya pembeni yanaangukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje. Ulimi hauna mahali pa kukaa huko juu, kwa hiyo unakaa chini na nyuma, karibu na koo.

Watu husahau kwamba kaakaa lina kazi mbili, kama zege la ghorofa: anayeishi chini analiita dari, anayeishi juu anatembea juu yake. Chini ya kaakaa ni kinywa, juu yake ni pua. Taya la juu likiwa jembamba, mara nyingi na njia ya pua inakuwa nyembamba. Mchana mtoto anajitahidi: anafungua mdomo, amekaa wima, misuli ya koo imekaza. Usiku misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, na hewa inayovutwa kwa nguvu kupita mahali pembamba inazitikisa nyama laini za koo. Huko ndiko kukoroma. Koo likibana zaidi, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, ubongo unashtuka, mtoto anavuta hewa kwa kishindo, anageuka upande na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Wanaokumbuka ni wenzake wa vitanda vya jirani, na watakwambia alikabwa na jinamizi.

Wataalamu wa usingizi huhesabu pumzi imekatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Mtu mzima huanza kuhesabiwa mgonjwa akifikisha mara 5 kwa saa, na akivuka 30 hali yake ni mbaya. Kwa mtoto, hata mara 1 kwa saa si jambo la kawaida. Kipimo chenyewe hufanywa mgonjwa akiwa amelala na waya mwilini, na si rahisi kukipata huku kwetu. Kwa hiyo macho na masikio ya anayelala chumba kimoja na mtoto yana thamani kuliko tunavyodhani.

Hapo ndipo fimbo inapoingia. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia kwenye daladala, na abiria wenzake wanamhurumia. Mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hufanya kinyume: hatulii, anagombana, anachezea begi la jirani, anasahau alichoambiwa dakika hiyohiyo. Baadaye, mchana ukipamba moto, kichwa kinaangukia dawatini. Mwalimu anaandika utukutu asubuhi na uvivu mchana, wala haoni kwamba ni jambo lilelile. Kikojozi naye ana maelezo yake. Kifua kinapovuta hewa huku koo limebana, moyo unatanuka kana kwamba mwili umejaa maji kupita kiasi, nao unatoa homoni ya kuziamuru figo ziyapunguze. Kibofu kinajaa kwa mtoto ambaye usingizi wake umeshavurugwa. Sasa unamchapa kwa kosa gani? Si kila kikojozi ana shida ya pumzi, wengi hukua wakaacha wenyewe. Lakini kikojozi anayekoroma, kwangu mimi, ni mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Tulikuwa na binti mmoja wa darasa la sita aliyekuwa na yote matatu: alikoroma, alilala mdomo wazi, alikojoa kitandani. Tangu mwaka 2023, serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wanaotufikia ni wa kuanzia darasa la tano, na umri huo una maana katika habari hii. Walimu walishamchoka. Wenzake walimwimbia nyimbo mnazozijua. Siku ya kutembelea wanafunzi alikuja bibi yake, na maneno yake yalikuwa mafupi.

“Shikamoo mama,” nilimwamkia.

“Marahaba mwanangu. Nakuja kumwombea ruhusa mjukuu wangu nikamkatishe kimeo. Mama yake naye tulimkata, kikohozi kikaisha.”

Wasomaji wa mijini msicheke. Kukata kimeo kunaendelea, na anayepeleka mtoto kwa fundi anampeleka kwa mapenzi. Nilimjibu kwa adabu kwamba kimeo hakina kosa. Kinachoziba kiko juu zaidi, nyuma ya pua, na huko wembe wa fundi haufiki; utakachompatia ni kutoka damu, kidonda cha koo, pengine na pepopunda. Bibi hakufurahi. “Nyie wasomi mnajua kila kitu mpaka mtoto afe,” aliniambia. Ila ruhusa ileile tuliitumia kwenda hospitali ya rufaa, naye bibi alikuja, amejifunga khanga yake vizuri, akae kwenye benchi ahakikishe hatudanganywi.

Daktari wa pua, koo na masikio alikuta nyama za puani zimevimba na tonses zimekaribia kugusana. Binti alifanyiwa upasuaji wakati wa likizo. Muhula uliofuata kukoroma kulipungua sana lakini hakukuisha, na mdomo ulibaki wazi. Hapo ndipo alipopelekwa kwa daktari wa meno, aliyetuonyesha mimi na bibi, kwa kioo kidogo, lile kaakaa jembamba nililoliona kwa tochi.

Huo ndio mpangilio ninaoutetea kwenye makala hii: pua na koo kwanza, taya baadaye. Nausisitiza kwa sababu siku hizi kuna watu wanaanzia mwisho. Mzazi anaona video kwenye simu, anaambiwa matatizo yote ya mtoto yako tayani, anatafuta kifaa kabla hajamuuliza daktari kama pua ya mwanawe inapitisha hewa. Pua iliyoziba kwa mzio, kwa vumbi la godoro kuukuu au kwa nyama za puani haifunguliwi kwa skrubu.

Skrubu nimeitaja kwa sababu kifaa chenyewe ni skrubu. Taya la juu la mtoto si mfupa mmoja. Ni vipande viwili, kulia na kushoto, vilivyokutana katikati ya kaakaa kwenye mshono ambao utotoni haujakomaa. Daktari anashikiza chuma kwenye magego ya juu ya pande zote, katikati kuna skrubu yenye tundu, na mtu anaizungusha kwa ufunguo mdogo wa waya. Kila robo ya mzunguko husogeza karibu robo ya milimita. Kazi ya kuzungusha ilikuwa yangu, chumbani kwangu, baada ya chakula cha jioni, binti amelaza kichwa kwenye mto wangu na kukodoa macho. Alisema haiumi ila inabana hadi kwenye mzizi wa pua. Zikapita siku kadhaa, ukafunguka mwanya kati ya meno mawili ya mbele. Wenzake wakacheka, yeye akalia, nami nikafurahi, maana mwanya ule ndio ishara kwamba mifupa imeachana. Hufunga baadaye. Skrubu ikishafika kipimo haiguswi tena, lakini kifaa hubaki kinywani kwa miezi ili mfupa mpya ujaze nafasi. Miezi hiyo si ya starehe. Ugali unaganda juu ya chuma, kisamvu kinajificha, herufi S inatoka na mate. Tulinunua bomba la sindano bila sindano, akawa anarushia maji humo kila baada ya kula.

Wazo hili ni kongwe kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1860 daktari wa meno wa San Francisco, Emerson Angell, aliandika kwamba amepanua taya la msichana wa miaka 14 na nusu kwa skrubu, na kwamba mwanya ulitokea mbele. Wenzake hawakumsadiki, walisema mifupa ya uso haiwezi kuachanishwa hivyo. Ilichukua karne nzima, hadi Andrew Haas alipochapisha kazi yake mwaka 1961, wataalamu wa kupanga meno wakakikubali kifaa hicho kwa mapana. Lengo lilikuwa meno yaumane sawasawa. Habari ya pumzi ilifuata nyuma.

Je, kweli kinasaidia usingizi? Mwaka 2004 Paola Pirelli wa Italia na wenzake, akiwemo Christian Guilleminault, bingwa wa magonjwa ya usingizi wa Stanford, walichapisha habari za watoto 31 wenye taya jembamba na pumzi inayokatika usiku, ambao tonses na nyama za puani hazikuwa tatizo. Kabla ya kupanuliwa taya, pumzi zao zilikatika kwa wastani wa mara 12 kwa saa. Baada ya matibabu wote walishuka chini ya mara 1. Matokeo kama hayo yanamfanya mtu asimame aombe kifaa leo hii. Ila hakukuwa na kundi la watoto wa kulinganisha nao, walioachwa bila kifaa. Na kulinganisha kuna uzito katika jambo hili. Mwaka 2013 nchini Marekani ulichapishwa utafiti mkubwa wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye pumzi inayokatika; nusu walikatwa tonses na nyama za puani mapema, nusu walisubirishwa huku wakiangaliwa. Baada ya miezi 7, asilimia 79 ya waliokatwa walikuwa na kipimo cha kawaida. Lakini hata waliosubirishwa, asilimia 46 walikuwa wamefikia hapo bila upasuaji. Watoto hukua, na kukua kwenyewe ni tiba ambayo kila mwenye kifaa anataka kuipa jina la kifaa chake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtoto ambaye pua na koo vimeshaangaliwa, taya lake la juu ni jembamba kwa kipimo cha daktari wala si cha jirani, na bado anakoroma: apanuliwe, na apanuliwe mapema. Taya lingemhitaji mtaalamu hata kama angekuwa analala kimya, na pumzi ikipata nafuu ni faida juu ya faida. Mtoto ambaye taya lake ni la kawaida asivalishwe chuma eti kumkinga na maradhi ya ukubwani. Chama cha wataalamu wa kupanga meno wa Marekani, ambao ndio wangepata fedha, kilitoa waraka mwaka 2019 kikisema ushahidi wa kufanya hivyo haupo. Muuzaji akikataa kuuza, msikilize.

Kwa nini taya linakuwa dogo? Hapa kuna maneno mengi na mengi ni ya kuwalaumu akina mama. Ukweli ni kwamba njia ni zaidi ya moja. Zipo familia ambazo uso mwembamba unatoka kwa babu. Wapo watoto walionyonya kidole hadi darasa la pili. Upo pia ushahidi kwamba pua yenyewe ikiziba, taya linafuata: Egil Harvold wa California aliziba pua za nyani wadogo, na ripoti yake ya mwaka 1981 ilionyesha jinsi meno na mataya yao yalivyoharibika umbo walipolazimika kupumua kwa mdomo. Na upo ushahidi wa chakula. Mwaka 2004 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walieleza walivyolea pimbi, hawahawa wa kwenye majabali yetu, kundi moja kwa chakula kigumu kibichi na jingine kwa chakula laini kilichopikwa. Waliolishwa laini, sehemu za uso zinazofanya kazi ya kutafuna zilikua pungufu kwa karibu asilimia 10. Naliamini hilo, na Jumamosi nawanunulia wasichana wangu miwa wamenye kwa meno. Lakini sitamwambia mzazi kwamba muwa utamponya mwanawe. Pimbi alitafuna tangu alipoachishwa ziwa. Mtoto wa darasa la sita ameshakula uji na mkate laini miaka kumi.

Kasoro za meno nazo zisitutishe kupita kiasi. Watafiti waliowaangalia wanafunzi 1,601 wa Kinondoni na Temeke wa miaka 12 hadi 14, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikuta asilimia 63.8 wana angalau kasoro moja ya mpangilio. Wengi wa hao wanapumua vizuri na watazeeka wakipumua vizuri. Mwanya ni urembo kwetu. Naongelea wale wachache ambao usiku unawageuka. Katika hao namweka mbele mtoto mwenye selimundu, ambaye damu yake haina ziada ya oksijeni ya kupoteza, na ambaye tonses zake mara nyingi huwa kubwa. Huyo akikoroma, mpelekeni kliniki wiki hiyohiyo.

Mzazi wa kiume huniuliza swali jingine kwa sauti ya chini, mama akishaenda kumwona mtoto. “Matroni, na mimi je? Mwenzangu amehamia chumba cha wageni.” Namjibu ukweli: baba, mshono wako umeshafunga. Unaanza kukaza wakati wa kubalehe, na kwa mtu mzima ufunguo mdogo wa waya hausogezi mfupa, unayumbisha meno tu. Wapo madaktari wanaopanua taya la mtu mzima kwa skrubu zilizofungwa kwenye mfupa wenyewe, au kwa upasuaji, na hayo ni mambo ya hospitali kubwa. Kabla ya huko apime usingizi, apunguze uzito kama upo wa kupunguza, aache pombe ya kulalia. Ikibidi ipo mashine ya kusukuma hewa puani, aliyoibuni Colin Sullivan wa Australia na kuitangaza mwaka 1981. Haipendezi kuilalia, lakini inafanya kazi usiku uleule wa kwanza.

Nawaonya watu wazima wanaotafuta njia ya mkato, kwa sababu mwaka 2023 waandishi wa CBS News na KFF Health News walifichua kisa cha kifaa kimoja cha Marekani kilichotangazwa kwamba kinakuza taya la mtu mzima na kuponya kukoroma. Watu walikwenda mahakamani wakidai meno yao yamesukumwa nje ya mfupa, wengine wakiyapoteza. Walilipa maelfu ya dola kwa hasara hiyo. Biashara ya namna hii haiishii ng'ambo. Ikifika kwenu, muulizeni anayeiuza picha ya eksirei iko wapi, kipimo cha usingizi kiko wapi, na yeye amesomea kupanga meno wapi.

Binti yetu yuko darasa la saba sasa. Kukoroma kwake ni kwa mafua tu. Mpira tuliutoa kitandani. Hesabu bado zinamshinda, maana taya halifundishi kugawanya. Kipi kilimsaidia zaidi, upasuaji, kifaa au kukua, siwezi kuapa, na daktari wake naye hakuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba fimbo haikumsaidia hata kidogo. Bibi anasema ni dua zake, simpingi.

Tatizo letu kubwa halipo kwenye skrubu. Wataalamu wa kupanga meno ni wachache, wengi wako Dar es Salaam, na gharama ya kifaa kwa familia ya mkulima ni ya kuuza ng'ombe. Hilo halitaisha kesho. Lakini daktari wa pua, koo na masikio yupo kwenye hospitali za rufaa, na tochi ipo kila bweni. Mtoto akigunduliwa darasa la tano ana miaka ya kufanyiwa kitu. Akigunduliwa kidato cha nne dirisha limeshaanza kufunga.

Wakuu wa shule za bweni, fomu zenu za kujiunga zinauliza ndoo, godoro, fagio, reki na rimu ya karatasi. Januari ijayo ongezeni maswali matatu: mtoto anakoroma? Analala mdomo wazi? Anakojoa kitandani? Mpeni matroni majibu hayo, yasiishie kwenye faili la ofisini. Nanyi timu za afya ya kinywa mnaokuja mashuleni kuhesabu meno yaliyooza, mkishamaliza kuangalia magego, mwambieni mtoto ainue kichwa kidogo, mtazame na kaakaa.